Waimbaji Warithi na Hukumu ya Wasikilizaji wa Upare

Bendi kongwe za dansi za Tanzania zimefika umri ambao nyimbo zao zimeishi kupita maisha ya waimbaji waliozitoa kwanza. Msondo Ngoma, iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz Band chini ya chama cha wafanyakazi, ilitimiza miaka 60 mwaka 2024. Mlimani Park Orchestra, mtani wake wa jadi ajulikanaye zaidi kwa jina la Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978. Katika muda huo TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Muhidin Maalim Gurumo mwaka 2014, na Shaaban Dede, aliyepata kuimba katika bendi zote mbili, mwaka 2017. Cosmas Chidumule, mtunzi wa wimbo wa «Neema», aliacha dansi akaingia katika nyimbo za Injili. Nyimbo zao hazikwenda nao. Hupigwa tena chini ya jina la zilipendwa, na mahali pa sauti ya kwanza husimama mtu mwingine. Mtu huyo, anayeweza kuitwa mwimbaji mrithi, ahukumiwe kwa kipimo gani?

Swali hili lina sura ya pekee katika mji wa Same na katika vijiji vilivyo juu yake milimani, kama Suji, Chome, Mbaga na Mamba. Maoni yasikikayo huko juu ya waimbaji warithi ni ya namna mbili. Wako wasemao kwa neno fupi, «Si yeye». Maana yao ni kwamba wimbo ulikwisha pamoja na mwenyewe, na ya sasa ni maigizo. Na wako wajibuo kwamba wimbo ni wa bendi, wala si wa mtu. Maadamu bendi ingalipo, yeyote aliye na koo na ausimamie. Maneno haya aghalabu huchukuliwa kuwa mabishano ya mashabiki tu. Lakini ndani yake mna uhakiki, na uhakiki huo wastahili kuchunguzwa kama ustahilivyo ule wa vitabuni.

Kabla ya kuyapima maoni hayo, yafaa kukumbuka jambo moja la historia. Waimbaji waitwao leo wa asili, wengi wao walianza wakiwa warithi. Mwaka 1978 Gurumo aliiacha bendi ya wafanyakazi akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Waliobaki iliwabidi kuzijaza nafasi zilizo wazi, nayo bendi, ambayo baada ya NUTA ilikuja kuitwa JUWATA, ikaendelea. TX Moshi William aliingia humo katika miaka ya 1980, akakuta bendi yenye jina, yenye nyimbo na yenye wapenzi waliokuwa wamekwisha kuzoea sauti nyingine. Mwaka 1985 Gurumo alihama tena, akaenda Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi kule alikoanzia. Basi tangu mwanzo bendi hizi zimekuwa nyumba zenye milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Anayedai kwamba nafasi ya mwimbaji haiwezi kurithiwa huyatupa, pasipo kukusudia, hata yale anayoyasifu.

Kwa nini basi neno «Si yeye» lina nguvu hivyo milimani? Sababu moja ni redio. Kwa miaka mingi, mpaka redio za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi nyimbo za bendi katika studio zake na kuzipeleka nchini kote. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekwenda dansini kila mwisho wa juma aliujua wimbo kuwa kitu kinachotembea: leo umerefushwa, kesho umeongezwa ubeti, wiki ijayo mwimbaji ni mwingine kwa kuwa wa kwanza amehama. Msikilizaji wa Chome au wa Mamba aliupata wimbo ule ule umesimama. Sauti moja, pumzi zile zile, kicheko cha mpiga tarumbeta mahali pale pale, mara mia kwa mwaka. Kwake yeye kanda ya redio ilikuwa ndiyo matini ya wimbo, kama muswada ulivyo kwa msomaji wa tenzi. Bendi ilipopanda kaskazini kwa safari zake za mikoani, au kanda mpya ilipofika sokoni, alikuja na matini yake kichwani akalinganisha. Jambo hili halimpunguzii heshima. Mhakiki yeyote wa maandishi hufanya vivyo hivyo akutanapo na nakala ya pili.

Walakini kulinganisha kuna hatari yake, nayo ni kuhesabu kila tofauti kuwa kosa. Hapo yapasa kuuliza ni nini hasa kilicho cha mwimbaji wa kwanza ndani ya wimbo. Wanaosema «Si yeye» hujibu kwamba ni nafsi yake: aliposema alitendwa, alitendwa yeye, aliposema amelia, machozi yalikuwa yake. Mfano wa mbali waweza kusaidia. Mjini New York mchezo wa kuimba uitwao Chicago ulifufuliwa mwaka 1996, ukaendelea kuchezwa miaka mingi huku waigizaji wa nafasi kuu wakibadilishwa tena na tena. Watazamaji huko nao hubishana juu ya nani aliyekuwa bora, lakini hakuna ashangaaye kuona Roxie Hart amechezwa na mwingine, kwa sababu kati ya mwimbaji na neno «mimi» amesimama mhusika mwenye jina lake. Mwimbaji huondoka, Roxie hubaki. Katika wimbo wa dansi hapana mhusika aliyetajwa. Yupo mtu mbele ya kipaza sauti naye asema «mimi», na msikilizaji humwamini.

Imani hiyo ni sifa kubwa kwa watunzi, lakini si hoja ya kumzuia mrithi. Watunzi wa dansi wamesema kwa kinywa cha mke aliyeachwa, cha mtoto yatima, cha mgonjwa na cha mtu aliyekwisha kufa, nao wakati huo ni wanaume wazima wenye afya walio jukwaani. Sarufi ya Kiswahili imewasaidia. Kiambishi cha nafsi ya kwanza, ni-, hakisemi mume wala mke, mzee wala kijana. Asemaye «nimeonewa» aweza kuwa mtu yeyote aliyeonewa. «Mimi» ya wimbo ilikuwa vazi tangu siku ya kwanza, hata mtunzi mwenyewe alilivaa. Kwa hiyo anayelia kwamba vazi limevaliwa na mwingine amekosa shabaha. Swali la haki ni kama limemkaa.

Maoni ya pili, kwamba wimbo ni wa bendi, yana mizizi mizuri katika milima yenyewe. Wapare wanayo desturi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kama kuchimba mfereji au kuzibua ndiva, lile bwawa likusanyalo maji ya kumwagilia mashamba. Nyimbo za kazi za namna hiyo, kote Afrika ya Mashariki, ni za kupokezana: mmoja hutoa, wengi huitikia, na mtoaji akichoka mwingine hupokea pasipo jembe kusimama. Tena Upare ni nchi ya kwaya. Waadventista walifika kusini mwa milima mwaka 1903, na Walutheri wana mizizi yao hasa kaskazini na upande wa Gonja. Kwa pande zote mbili kuimba kwa makundi kumekuwa shule ya watu wengi. Mwenye sauti ya kwanza akiolewa kijiji kingine au akihamishwa kazi, sauti yake hupewa mwingine, na Sabato au Jumapili ifuatayo watu husema tu kwamba kwaya imeimba. Kiima cha sentensi hiyo ni kwaya. Msikilizaji aliyekulia katika desturi hizo ana haki ya kuona ajabu watu wanapogombana kwa sababu ya mtu mmoja aliyeondoka katika kundi.

Lakini maoni haya nayo yana udhaifu. Katika kwaya anayerithi sauti hufundishwa. Hukaa na wenzake, hurudia mstari mpaka mwalimu aridhike, na maneno yameandikwa kitabuni. Asemaye kwamba wimbo ni wa bendi, kisha akakubali yeyote aimbe vyovyote, ameshika nusu ya desturi akaiacha nusu iliyo nzito zaidi. Hapa ndipo panapoonekana kile wanachokisikia wale wa «Si yeye», ingawa hawakukipa jina sahihi. Mara nyingi mahali panapowachoma si pale sauti ya mrithi inapokuwa nene zaidi au nyembamba zaidi, bali pale neno linapovunjika.

Neno huvunjika kwa njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ingawa ni mara chache mkazo hubeba maana, mara hizo zipo: barabara ya kupita magari hutofautiana na barabara yenye maana ya sawasawa kwa mkazo tu, ambao katika hii ya pili husogea silabi moja nyuma. Mrithi apendaye kuonyesha urefu wa pumzi huivuta silabi ya mwisho ya kila mstari, na maneno yote yakawa na sura moja. Waimbaji wa zamani nao walivuta, lakini waliupitisha kwanza mkazo mahali pake ndipo wakavuta. Wapare wengi wana Chasu kuwa lugha ya nyumbani, nayo, kama lugha nyingi za Kibantu, hutumia toni. Mtu aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo amezoea tangu utoto kutega sikio kwa kupanda na kushuka kwa neno, na hapana sababu ya kudhani kwamba zoea hilo hulala asikilizapo Kiswahili.

Njia ya pili ni pumzi. «Sitaki urudi» ni katazo. Mwimbaji akipumua baada ya neno la kwanza, maneno yale yale huwa mawili: kukataa jambo moja, kisha kuamuru lingine, «Sitaki. Urudi.» Mtunzi aliyeyatunga maneno mwenyewe hujua mahali pa kupumua kwa kuwa ajua anachosema. Mrithi aliyejifunza wimbo kwa kufuata lahani hupumua pale gitaa linapompa nafasi. Msikilizaji wa milimani, aliyeisikia kanda mara mia, hutambua papo hapo kwamba kuna kitu kimeondoka, naye husema si yeye. Angesema «Hasemi anachokiimba» angekuwa karibu zaidi na kweli.

Kwamba sauti yaweza kubadilika kabisa na wimbo ukabaki, pwani imekwisha kuonyesha. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928 na ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliendelea kuziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2013. Koo la Kidude lilikuwa zito lenye mkwaruzo, na hakuna aliyesikia santuri za Siti awezaye kuwachanganya wawili hao. Hata hivyo hakuhesabiwa kuwa mwigaji. Alizishika nyimbo kama mtu ashikaye maneno yake mwenyewe. Alikata panapokatika maana, na alipobadili alijua anabadili nini. Huo ndio urithi. Kuiga ni jambo jepesi kuliko hilo: kijana mwenye sikio zuri aweza kumfuata TX Moshi mpaka katika kikohozi, na bado asiwe amesema neno.

Jina lenyewe la nyimbo hizi lina funzo. «Zilipendwa» ni kitenzi kilichofanywa nomino, nacho kiko katika hali ya kutendwa na wakati uliopita. Mpendaji hakutajwa, na kupenda kumewekwa nyuma, kana kwamba kumekwisha. Lakini watu wa Same watakao nyimbo hizo zipigwe harusini hawazungumzii jana. Wazipenda sasa, kwa masikio ya sasa. Wakiulinda wimbo kwa kumkataa kila mrithi, watabaki na kanda peke yake, na wimbo ambao hakuna mtu hai auimbaye ni kumbukumbu tu, hata uwe mtamu. Wakikubali kila mrithi, kitakachodumu ni lahani, na maneno yatakwenda yakichakaa kizazi baada ya kizazi. Hasara hiyo haitakuwa ya burudani pekee. Kwa wengi wa bara, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili, dansi la redio lilikuwa darasa la lugha nzuri: mafumbo, adabu ya kuonya, ufundi wa kulalamika bila kutukana.

Basi hukumu ya haki huwataka pande zote mbili. Bendi zimpe mrithi maneno kabla ya kumpa kipaza sauti. Ayasome, aulize maana yake kwa wazee wangali wapo, aonyeshwe pumzi. Wasikilizaji nao wayaache mambo ya uso na unene wa sauti, washike swali moja la kumwuliza kila asimamaye pale: je, neno limefika zima? Na kwa wanaoishughulikia lugha ipo kazi iliyo wazi, ya kuyanakili maneno ya nyimbo hizi kutoka katika kanda za zamani, pamoja na mkazo na mapumziko yake, kama tenzi zilivyonakiliwa. Matini ikiwepo, msikilizaji wa Mamba na mwimbaji wa Dar es Salaam watakuwa na mahali pamoja pa kubishania, na mrithi atakayekuja atakuwa na cha kurithi.