Koko, Paka Mpelelezi, na Wafu wa Pickax

Wenzangu wengi darasani wanaona hadithi za paka wapelelezi ni za watoto. Mimi nimesoma kadhaa za Lilian Jackson Braun wa Marekani, na lawama yangu kwake ni nyingine: wafu wake hawaliliwi.

Shujaa wake ni Jim Qwilleran, mwandishi wa habari mwenye masharubu mazito, anayeishi na paka wawili wa Siamese, Koko na Yum Yum. Koko haongei. Hapa Braun anastahili sifa, maana sisi tuliokulia kwenye ngano za Sungura tumezoea mnyama mwenye maneno mengi kuliko binadamu. Koko huangusha kitabu kutoka rafuni, hulia, kisha hulala zake. Qwilleran ndiye anayeamua kwamba jina la kitabu kile lilikuwa dokezo. Huenda paka alikuwa akicheza tu, na mwandishi hatuambii. Ila msomaji naye hapati nafasi ya kushindana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hutueleza alivyofikiri. Koko utamhoji vipi?

Turudi kwa wafu. Katika riwaya ya kwanza, The Cat Who Could Read Backwards (1966), anauawa Mountclemens, mhakiki wa sanaa na mwenye nyumba anayopanga Qwilleran. Huyo ndiye aliyekuwa akimfuga Koko. Kifo kile kina uzito: paka amepoteza mtu wake, na Qwilleran anapata rafiki kwa sababu mtu mwingine amekufa. Jambo hilo halisemwi waziwazi, lakini linahisika.

Baada ya riwaya ya tatu (1968), Braun alikaa miaka 18 bila kuchapisha nyingine katika mfululizo huo. Aliporudi, hakukawia kumtoa Qwilleran jijini na kumpeleka mji mdogo wa Pickax, akiwa na urithi mkubwa ajabu. Huko watu wanauawa kitabu baada ya kitabu, na jioni wenyeji wanakwenda mkahawani kama kawaida. Hakuna anayefunga mlango mapema. Hata mazishi yakiwapo, yanakuwa maongezi ya mezani. Kijijini kwetu mtu mmoja akiuawa, majirani huangaliana kwa shaka mwaka mzima. Mji mdogo ndipo mahali ambapo kila marehemu ana jina.

Nakiri kwamba nitaendelea kuzisoma, na ziko 29. Lakini nikifunga kitabu ninakumbuka alichokula Koko, na aliyeuawa inanibidi nirudi kumtafuta.