Kimbilio Lisilo na Jirani: Uhakiki wa When the Wind Blows na Hotel Rwanda

Neno handaki lilitujia kutoka Kiarabu, na msomaji aliyepita madrasa analijua tangu utotoni kupitia Vita vya Handaki, pale watu wa Madina walipochimba mfereji ili kulizuia jeshi la Makka lisiingie mjini. Handaki lile lilichimbwa na wengi, likalinda mji mzima. Kinyarwanda nacho kina indake, neno linalofanana mno na hilo letu. Wageni wa makumbusho ya Mulindi, wilayani Gicumbi, huonyeshwa indake aliyoitumia Paul Kagame alipokuwa kamanda wa vita. Kati ya handaki la mji na handaki la kamanda kuna swali ambalo makala haya yanalichunguza: nani huandaliwa kimbilio, na ni kitu gani hasa kinachomlinda aliyemo ndani?

Nimechagua kazi mbili. Ya kwanza ni When the Wind Blows, kitabu cha katuni cha Raymond Briggs kilichotoka Uingereza mwaka 1982 na kufanywa filamu mwaka 1986. Ya pili ni Hotel Rwanda, filamu ya Terry George ya mwaka 2004, ambayo mandhari yake ni Hôtel des Mille Collines hapa Kiyovu, ingawa sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Moja inahofia bomu la nyuklia ambalo halikuiangukia Uingereza; nyingine inasimulia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yalitokea. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, zote mbili zinawafungia wahusika ndani ya kuta na kumwacha mtazamaji ahesabu maji pamoja nao.

Wahusika wa Briggs ni wazee wawili, Jim na mkewe Hilda, wanaoishi peke yao shambani. Jim amechukua vijitabu vya serikali maktaba na anavitii neno kwa neno: anang'oa milango ya nyumba, anaiegemeza ukutani kwa pembe ya nyuzi 60, na hilo ndilo kimbilio. Briggs hakulibuni jambo hili. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilitoa kijitabu Protect and Survive chenye mashauri ya namna hiyohiyo. Wakati huo, chini ya ardhi karibu na Corsham, serikali hiyo ilikuwa na makao ya siri yaliyojengwa miaka ya 1950 ili watumishi wake 4,000 waendelee na kazi vita vikizuka. Serikali ilijiwekea mwamba juu ya kichwa. Raia waliambiwa watumie milango yao wenyewe.

Kejeli ya Briggs haimo katika hotuba. Imo katika fani. Maisha ya wazee hawa yamebanwa katika visanduku vidogo vidogo vya picha, halafu ghafla kurasa mbili nzima zinajazwa na kombora au nyambizi. Jim na Hilda wanakumbuka vita vya zamani kwa furaha, kana kwamba vita ni jamaa atakayerudi na tabia zake zilezile. Maji ya bomba yanapokatika, Jim anakinga ya mvua. Msomaji anajua mvua hiyo imebeba sumu. Jim anaamini kuyachemsha kunatosha. Ninachokikosa katika kitabu hiki ni jirani. Hakuna hata mmoja anayekuja kubisha hodi, na pengine Briggs alikusudia hivyo, kwa kuwa nyumba iliyong'olewa milango haina pa kubishia hodi.

Hotel Rwanda inaanzia upande wa pili: hapa kila mtu anabisha hodi. Hoteli iliyojengwa kwa ajili ya watalii na wafanyabiashara inajaa wakimbizi zaidi ya 1,200. Maji yanapokatwa, wanachota ya bwawa la kuogelea. Onyesho lenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la wageni weupe wakiondoka kwenye mvua, huku mfanyakazi Mnyarwanda akimshikia mmoja wao mwavuli. Mwenye kubaki ndiye anayemkinga mwenye kuokolewa. Mgeni yule anaona aibu, na filamu haihitaji kueleza zaidi.

Lakini baada ya onyesho hilo filamu inapungua. Kimbilio linakuwa werevu wa mtu mmoja: Paul Rusesabagina, akiigizwa na Don Cheadle, ndiye anayehonga, anayepiga simu na anayewatuliza majenerali kwa vinywaji. Wakimbizi wengine wanakuwa umati unaosubiri. Mwaka 2014 Edouard Kayihura, aliyekuwa miongoni mwao, aliandika pamoja na Kerry Zukus kitabu Inside the Hotel Rwanda kinachopinga taswira hiyo. Mhakiki hahitaji kuwa hakimu ili aone kasoro ya kisanaa: mhusika mkuu amepewa kazi iliyofanywa na watu wengi.

Anayeijua Kiyovu ataiona kasoro hiyo kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtaa wenyewe una ushahidi ambao filamu imeuacha. Tarehe 7 Aprili 1994 Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa baada ya kuikimbia nyumba yake iliyokuwa na walinzi. Watoto wake walinusurika, na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa, aliwaficha katika hoteli hiyohiyo. Siku hiyohiyo askari kumi wa Ubelgiji waliuawa Camp Kigali. Baadhi yao walijitetea ndani ya jengo ambalo hadi leo kuta zake zina matundu ya risasi, na mbele yake zimesimamishwa nguzo kumi za mawe. Walikuwa askari, walikuwa na ukuta, walikuwa na bendera ya Umoja wa Mataifa. Hakuna kikosi kilichofika kuwaokoa. Na mteremko mfupi kutoka hotelini lipo kanisa la Sainte-Famille, ambako wanamgambo waliwatoa watu na kwenda kuwaua. Kuta za kanisa si nyembamba kuliko za hoteli.

Basi unene wa ukuta hauelezi kwa nini wengi wa waliokuwa Mille Collines walipona. Hoteli ilikuwa na simu na faksi ambayo wakimbizi waliitumia kuwafikia watu wa nje. Ilikuwa na waangalizi wachache wa Umoja wa Mataifa. Na wauaji walijua kwamba jina lake linatajwa Ulaya. Handaki la Corsham lilitegemea kutojulikana. Hoteli ya Kiyovu ilitegemea kujulikana. Mtu anaweza kupinga kwa kutaja walionusurika darini, mashimoni na katika mashamba ya mtama. Lakini wengi wao nao walikuwa na mtu mmoja aliyejua walipo, akawaletea chakula usiku, akanyamaza mchana. Kujulikana na mtu sahihi ndiko kulikowalinda, na kujulikana na mtu mbaya ndiko kulikowaua wengine.

Kwa kipimo hicho, ninakiweka kitabu cha Briggs juu ya filamu ya George. Briggs anaonyesha kwa uaminifu kwamba watu wawili wenye utiifu, wasio na jirani, hawaokolewi na kijitabu chochote. George alikuwa na kisa kigumu zaidi, cha jirani anayeua na jirani anayeficha wakiishi mtaa mmoja, akakigeuza kuwa kisa cha meneja hodari. Filamu yake iliifikisha Kigali kwa mamilioni ya watu, na hiyo ni sifa isiyonyang'anywa. Lakini sisi tunaosoma fasihi katika mji huu tuna deni la kuandika tamthilia au riwaya ya Kiswahili ambamo Mbaye Diagne ana jina, wachota maji wana majina, na yule mtu wa usiku aliyejua na kunyamaza anapewa sura yake.