Tupa na Silinda: Sifa za Fundi wa Rivolva

Kiswahili hutumia neno moja, bastola, kwa silaha mbili ambazo ndani yake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni rivolva, ambayo risasi zake tano au sita hukaa katika silinda, yaani pipa fupi la chuma lenye matundu, linalozunguka na kuleta risasi moja baada ya nyingine mbele ya nyundo. Ya pili ni bastola ya kujipakia, ambayo risasi zake hupangwa katika magazini iliyomo ndani ya mpini, na nguvu ya risasi inayotoka ndiyo inayorudisha nyuma kifuniko cha chuma cha juu, kulitupa ganda tupu na kupakia risasi inayofuata. Nchini Marekani, ambako raia wengi huruhusiwa kutembea na bastola iliyofichwa chini ya nguo, wapo watu ambao, baada ya kubeba bastola za kujipakia kwa miaka mingi, huziweka kabatini na kurudi kwenye rivolva ndogo. Kurudi huko huelezwa mara nyingi kama suala la usalama, na kumbe ndani yake mna habari ya ufundi, kwa sababu anayeirudia rivolva anaurudia mkono wa fundi, na mara nyingi hufika akiwa amechelewa, fundi mwenyewe amekwisha kuondoka.

Sababu zinazotajwa na wanaorudi zina uzito wake. Rivolva haina kifuniko kinachorudi nyuma, kwa hiyo hufanya kazi hata ikiwa imo mfukoni mwa koti au imebanwa na mwili, mahali ambapo bastola ya kujipakia huweza kukwama baada ya risasi ya kwanza. Risasi mbovu isipolipuka, kidole huvuta tena na silinda huleta nyingine. Na kifyatulio chake, ambacho kwa kawaida hudai nguvu ya kilo tano hivi na mwendo mrefu, hakivutwi kwa urahisi na ncha ya shati au na kidole chenye hofu. Kwa upande wa hesabu, hata hivyo, rivolva imekwisha kushindwa, kwani bastola ndogo ya SIG P365, iliyotoka mwaka 2018, hubeba risasi 10 katika magazini yake, ilhali rivolva ya umbo linalokaribiana nayo hubeba 5. Tena rivolva nyepesi ya alumini humpiga mshikaji kiganjani kwa teke kali, na ikikwama kwelikweli hakuna namna ya kuikwamua hapo hapo mkononi, bali hurudishwa mezani kwa fundi. Meza hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa.

Kifyatulio kinapovutwa, mambo manne hutokea kwa mfuatano ambao jicho haliwezi kuutenganisha. Nyundo hurudi nyuma. Komeo dogo lililo chini ya silinda hushuka na kuiachia. Kipande chembamba cha chuma, ambacho mafundi wa Marekani hukiita kwa lugha yao “mkono”, hupanda na kusukuma mojawapo ya meno yaliyochongwa nyuma ya silinda. Na silinda inapokaribia kutimiza sehemu yake ya mzunguko, komeo hupanda tena na kuingia katika kishimo chake, ili tundu lenye risasi lisimame sawasawa nyuma ya mtutu kabla nyundo haijaanguka. Makubaliano haya ya vipande, ambayo yanaweza kuitwa mapatano ya silinda, ndiyo roho ya rivolva, maana yakikosekana kidogo risasi huingia mtutuni ikiwa imekwaruza ukingo, vipande vya risasi hutawanyika pembeni, na chombo kilichokusudiwa kumlinda mtu humgeukia.

Katika rivolva za zamani, hasa zile zilizotengenezwa na kampuni ya Colt mjini Hartford, jimbo la Connecticut, mapatano hayo hayakutoka kwenye mashine yakiwa yamekamilika. Silinda ya matundu sita ilikuwa na meno sita, na kila jino lilikuwa na tofauti yake ndogo, hivyo fundi aliyesimama mbele ya jiliwa alilazimika kulisikiliza kila moja peke yake. Mkono ukiwa mrefu mno, silinda husukumwa kupita kiasi na kukaza. Ukiwa mfupi mno, nyundo hufika kabla ya silinda. Baina ya urefu huo na ufupi huo palikuwa na nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na chombo cha kuitafutia kilikuwa tupa: pasi mbili nyepesi, kujaribu, pasi moja nyingine, kujaribu tena. Ugumu wa tupa ni kwamba haijui kurudi nyuma. Chuma ilichokila hakitapikwi, na kwa sababu hiyo mwanagenzi alifundishwa kusita mapema kuliko alivyofundishwa kukata.

Malipo ya subira hiyo yalionekana pale kifyatulio kilipovutwa hadi mwisho na kushikiliwa. Katika muundo ule wa zamani wa Colt, mkono uliendelea kuisukuma silinda dhidi ya komeo wakati wote nyundo ilipokuwa ikianguka, hata silinda isitikisike kulia wala kushoto, na wapenzi wa rivolva hizo wakaufananisha ukakamavu huo na mlango wa hazina ya benki. Kampuni ya Smith & Wesson, ya mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, ilifuata njia nyingine: iliiachia silinda nafasi ndogo ya kucheza, ili risasi yenyewe ijipange inapoingia mtutuni, na kwa hiyo vipande vyake vilichakaa polepole zaidi. Huko Springfield ilitafutwa silaha itakayosamehe uchakavu, na huko Hartford silaha isiyosamehe chochote, ambayo ilimhitaji fundi siku ya kuzaliwa na ikamhitaji tena uzeeni.

Alama moja ndogo hutosha kueleza yote haya kwa mwenye macho. Mbele ya kila kishimo cha silinda huchongwa kijifereji kifupi, na katika rivolva ya Colt iliyopatanishwa vyema, komeo husubiri hadi kijifereji hicho kifike juu yake ndipo lipande, kisha huteleza humo na kuingia kishimoni. Likipanda mapema, hulikwaruza tumbo la silinda njia nzima, na baada ya muda huonekana duara jembamba linalong’aa, kama alama ya kamba kwenye mdomo wa kisima. Katika rivolva za Smith & Wesson duara hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa komeo lao limeundwa kupanda mapema; katika Colt ya zamani lilikuwa ushuhuda kwamba mtu alifanya haraka. Ndiyo maana silinda ya nusu karne isiyo na duara huweza kuheshimiwa kuliko bastola mpya: aliyeipatanisha hakuandika jina lake popote, lakini subira yake imebaki pale ambapo hakuna mkwaruzo.

Ustadi wa ndani ulilingana na wa nje. Rangi ya buluu iliyokoza ya Python, rivolva ya Colt iliyoanza kuuzwa mwaka 1955, ilisifiwa kana kwamba ni dawa ya siri, ingawa dawa hutia rangi tu na haifichi kosa. Kina cha rangi ile kilitoka kwa wasuguaji, waliokisugua chuma hatua kwa hatua bila kuziviringisha kingo zake wala kuyapanua matundu ya skrubu, mpaka kikawa kioo kabla hakijatiwa rangi yoyote.

Ajabu ya historia ni kwamba kiwanda cha Colt hakikuanzishwa na mtu aliyetukuza tupa. Samuel Colt, aliyepata hataza ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836, alipata umaarufu kwa kuhubiri mashine na vipande vinavyobadilishana, na mwaka 1851 alizionyesha silaha zake katika Maonyesho Makuu ya London. Hata hivyo mashine zake ziliifikisha kazi karibu na mwisho tu, na hatua chache zilizobaki zikamilikiwa na mikono kwa zaidi ya miaka mia moja. Kutoka mikononi humo ilitoka rivolva ya Detective Special ya mwaka 1927, yenye mtutu wa inchi 2 na risasi 6, iliyowafaa wapelelezi waliovaa suti; na mwaka 1950 Smith & Wesson ikajibu kwa Chiefs Special, ndogo zaidi, yenye risasi 5, ambayo umbo lake ndilo bado linaloingia mifukoni mwa wale wanaorudi leo.

Ufundi ulimhusu mtumiaji pia, kwani kifyatulio kirefu na kizito hakimtii kila mtu. Kidole lazima kivute kwa mwendo mmoja usiokatika, bila kuuyumbisha mtutu, na kujifunza hivyo huchukua muda mrefu. Lakini kikifundishwa hufika mbali, kama alivyoonyesha Ed McGivern wa jimbo la Montana, ambaye mwaka 1932 alifyatua risasi tano kwa rivolva katika sekunde 0.45. Mwendo ule haukutokana na chuma peke yake wala kidole peke yake. Fundi alikilainisha kifyatulio kwa kinoo, mpigaji akakilainisha kidole kwa mazoezi, na kila mmoja aliitegemea kazi ya mwenzake bila ya kukutana naye.

Mwaka 1986 uliutikisa mkataba huo pande zote mbili. Mwezi Januari wafanyakazi wa Colt waligoma, na mgomo wao ukadumu hadi mwaka 1990. Mwezi Aprili, katika mapambano ya risasi mjini Miami, maofisa wawili wa shirika la upelelezi la FBI waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Wengi wa maofisa hao walikuwa na rivolva, na tukio hilo likaharakisha polisi wa nchi nzima kutafuta silaha zenye risasi nyingi zaidi. Jibu lilikuwa limekwisha kufika, kwani bastola ya Gaston Glock wa Austria, yenye fremu ya plastiki na magazini ya risasi 17, ilikuwa imechaguliwa na jeshi la nchi yake mwaka 1982. Polisi wa New York waliruhusiwa bastola za kujipakia mwaka 1993, na mwaka 2018 rivolva za mwisho zikaondolewa viunoni mwao. Hakuna anayeweza kumlaumu askari kwa kutaka risasi zaidi. Lakini mnunuzi alipoondoka, meza ya fundi haikuwa na hoja ya kujitetea, kwa sababu ujuzi wake haukuwa umeandikwa katika mchoro wowote. Ulikuwa katika vidole, na vidole hustaafu.

Rivolva zimerudi, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba zimerudi zikiwa nzima. Colt ilitoa tena Cobra mwaka 2017 na Python mwaka 2020, na hizi mpya zimesanifiwa ili mashine zinazoongozwa na kompyuta zikate vipande vyake kwa usahihi unaoiachia tupa kazi ndogo sana. Kampuni ya Ruger nayo, tangu mwaka 2009, huuza rivolva ya LCR ambayo sehemu ya fremu yake ni plastiki. Zinafyatua vizuri, na baadhi huhimili matumizi mazito kuliko mababu zao. Kilichobadilika ni uhusiano wa mtu na chombo chake. Silaha inayonunuliwa kama simu hutunzwa kama simu: huchaguliwa kwa wepesi wake, hufyatuliwa mara chache kwa sababu wepesi huohuo huumiza kiganja, husahaulika mkobani, na ikilegea hubadilishwa. Wengi wanaosema wamerudi kwenye usahili wa rivolva husahau kwamba usahili huo ulikuwa wa nje tu, na kwamba mtumiaji alipumzika kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekwisha kuhangaika kwa niaba yake.

Mnunuzi mzoefu anayekabidhiwa Colt kuukuu huhakikisha kwanza kuwa haina risasi, kisha huishika karibu na sikio na kuirudisha nyundo kwa kidole gumba, taratibu sana, akisubiri mlio mdogo wa komeo likiingia kishimoni. Mlio ukitangulia kabla nyundo haijasimama, mapatano yangalipo. Ukichelewa, mkono umechakaa na silinda haifiki. Kwa ugonjwa huu palikuwa na tiba, ambayo ilikuwa kinyume cha tupa: fundi aliulaza mkono huo juu ya fuawe na kuugonga kwa nyundo ndogo, ili chuma kinyooke na kurefuka kwa kiasi kilekile kilichopotea, na alijua pia kwamba chuma hakivumilii kugongwa hivyo mara nyingi. Elimu hiyo ya kuurejesha unene wa unywele mmoja inazidi kuwa adimu mwaka hadi mwaka. Mwenye rivolva huisikia ikichelewa, huifuta kwa mafuta, huifunga katika kitambaa na kuirudisha kwenye droo, ikiwa nzuri kama siku ilipotoka Hartford, ikimsubiri mtu wa kuisikiliza.