Jina la Kanga Katika Picha Zilizokuzwa

Siku hizi umezuka mtindo wa kuzikuza video kuukuu za ngoma, taarabu na filamu zetu, ili zitazamike kwenye skrini pana kana kwamba zimepigwa jana. Wapo wasemao kwamba huko ndiko kuuhifadhi utamaduni. Nia yao twaikubali. Kazi yenyewe twaitilia shaka.

Tulionyeshwa video moja ya namna hiyo, ya waimbaji wa taarabu wa Unguja. Katika nakala ya zamani nyuso zimefifia, na jina la kanga aliyojitanda mwimbaji halisomeki. Katika nakala mpya nyuso zang'aa, lakini makunyanzi ya bibi yule yamefutika, akawa kama binti yake. Na pale palipokuwa na jina la kanga pamejaa vijistari vinavyofanana na herufi, wala si herufi za lugha yoyote. Kila aijuaye taarabu anajua kwamba kanga nayo husema. Bibi yule aliichagua kanga yake kama alivyouchagua wimbo wake. Mashine imempokonya kauli, ikamwachia michoro.

Sababu yake si uchawi. Video nyingi za miaka ya 2000 zilienea kwa diski za VCD, ambazo katika mfumo wa PAL zina vitone 352 kwa 288, yaani 101,376 kwa kila picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 yataka vitone 2,073,600. Basi katika kila vitone 20, kama 19 havikutoka katika faili: vimekadiriwa. Njia za kale za hesabu hukadiria kwa kuchanganya rangi za vitone jirani, picha ikatoka laini, isiyo na jipya. Programu za akili mnemba hukadiria kwa mazoea ziliyoyapata katika maelfu ya picha nyingine, na hivyo bibi wa Unguja huvikwa ngozi ya watu asiowajua.

Walionakili tenzi kwa hati za Kiarabu waliijua shida hii, pale karatasi ilipoliwa na mchwa. Mnakili mwaminifu huacha pengo. Anayelijaza kwa beti zake mwenyewe bila kusema, hata akiwa fundi wa vina, ameghushi.

Hatusemi video ziachwe zilivyo. Kulainisha miraba iliyoletwa na kubanwa kwa faili, kurudisha rangi iliyopauka, kusafisha sauti, hayo twayaunga mkono, mradi faili ya awali isifutwe. Lakini kazi iliyo bora kuliko zote ndiyo ipuuzwayo: kuutafuta utepe. Picha ya utepe wa VHS wa PAL ina mistari 576. VCD ilibakiza 288, na nusu-picha 50 za kila sekunde zikawa picha 25 tu. Kilichotupwa kingali utepeni. Nao utepe umo kabatini au uvunguni mwa kitanda, katika joto na unyevu wa pwani, unaota kuvu. Walimu wawatume wanafunzi wakaulize majumbani mwao mwaka huu huu. Huenda jina la kanga ile lasomeka humo.