Ungamo Lisilo na Mpokeaji: Msamaha na Urejesho katika A Grain of Wheat

Imekuwa desturi katika uhakiki wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), kulichukulia ungamo la Mugo kuwa kilele cha msuko na, kwa hiyo, kuwa jibu la swali la hatia linaloisumbua jamii nzima ya Thabai. Mtazamo huu una msingi. Siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Mugo anasimama mbele ya umati uliokuja kumtukuza na kukiri kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Aidha, anwani ya riwaya ni ya Kibiblia: punje ya ngano ambayo sharti ife ardhini ndipo izae. Ni rahisi basi kuona kifo cha Mugo kuwa ndicho kifo cha punje hiyo. Hata hivyo, kuungama ni jambo moja, kusamehewa ni jambo la pili, na kurejeshwa miongoni mwa watu ni la tatu. Ngũgĩ anayatenganisha matatu haya kwa uangalifu kuliko wengi wanaomhakiki.

Katika mapokeo ya Kikristo matatu haya yamefumbatwa pamoja katika mfano wa mwana mpotevu, Injili ya Luka, sura ya 15. Ukitazamwa kama usimulizi, mfano huo ni wa kushangaza. Kijana anaitunga hotuba yake angali kwenye nguruwe, nayo ina sehemu tatu: kukiri kosa, kukana haki ya kuitwa mwana, na kuomba apewe nafasi ya kibarua. Baba anamkatiza kabla hajaifikia sehemu ya tatu. Ombi la kushushwa cheo halitamkwi kamwe. Mahali pake panachukuliwa na joho, pete, viatu na ndama. Aliyekosewa ndiye anayekimbia njiani, na msamaha unamfikia mkosaji kabla hajamaliza kuungama. Ndugu mkubwa naye anabaki nje akinung'unika, na hadithi inakatika bila kudokeza iwapo hatimaye aliingia.

Thabai imejaa ndugu wakubwa. Zaidi ya hayo, neno lenyewe kuungama limekwisha kuchafuliwa katika ulimwengu wa riwaya. Uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya kabla ya mwongo huo kwisha, uliwazoeza waumini kukiri dhambi zao hadharani katika ushirika. Riwaya inaugusa kupitia kwa Mchungaji Jackson Kigondu, anayejiunga nao na kuishia kuuawa na wapiganaji. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni nayo iliyafanya maungamo kuwa sharti la kutoka kizuizini: mfungwa alitakiwa kukiri kiapo ndipo asogezwe karibu na nyumbani. Hivyo tendo lile lile lilikuwa toba mbele ya madhabahu na usaliti mbele ya afisa wa kambi.

Kinaya cha Mugo kinazaliwa hapa. Huko Rira anateswa ili akiri kiapo ambacho hakula, na kwa kuwa hana la kukiri anageuka shujaa. Dhambi aliyo nayo hakuna anayemdai, maana ilitendwa kwa manufaa ya wale wale wanaomtesa. Anarudi kijijini akiwa amevikwa utakatifu, na watu wanaanza kumletea mizigo yao. Gikonyo anamsimulia jinsi alivyokiri kiapo ili arudi kwa mkewe, akamkuta ana mtoto wa Karanja. Mumbi naye anamfunulia yake. Mugo anageuzwa padri wa kijiji, padri asiyeweza kutamka neno la ondoleo. Baada ya kumimina moyo wake, Gikonyo anangoja jibu, na kinachomjibu ni kimya. Pengine hakuna mahali pengine ambapo Ngũgĩ ametumia ukimya kwa ustadi kama katika kibanda kile.

Linapokuja ungamo la hadharani, umati unapigwa bumbuazi. Hakuna anayemshika Mugo, wala anayemkumbatia. Anaondoka peke yake. Baadaye Jenerali R. na Luteni Koinandu wanamwendea, na Wambui anakuwa hakimu. Hukumu yenyewe inatendeka nje ya macho ya msomaji, uamuzi wa kifani unaostahili kutafakariwa. Kama Ngũgĩ angetaka kifo hicho kiwe sadaka, angekionyesha. Badala yake anamwonyesha Wambui baada ya siku chache, akiwa amekaa na Warui na kushuku kwamba huenda haikufaa kumhukumu mtu yule. Kukiita kifo hiki punje iliyozaa ni kuwaondolea Wambui na wenzake mashaka ambayo mwandishi amewaachia kwa makusudi.

Kuna mtu mmoja anayemkaribia yule baba wa mfano, naye ni Mumbi. Yeye ni dada yake Kihika, na kwa mila na kwa damu ndiye mwenye haki ya kwanza ya kudai kisasi. Mugo anamkiria kabla ya kuukiria umati, tena kwa kumkaba. Mumbi hamtoi. Kwake damu iliyokwisha kumwagika inatosha, na msimamo huu anauchukua bila mahubiri wala maandiko. Kihika alikuwa na Biblia iliyopigiwa mistari. Dada yake ndiye aliyelitenda neno.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyu mwepesi wa kusamehe ni mzito linapofika suala la urejesho. Gikonyo, akiwa hospitalini na mkono uliovunjika, ametikiswa na ujasiri wa Mugo na ametambua kwamba wachache katika umati ule walistahili kuokota jiwe. Kwa mara ya kwanza anamtaja mtoto. Kisha anamwomba Mumbi arudi nyumbani, awashe moto. Mumbi anakataa. Anataka kwanza wazungumze, kila mmoja aufungue moyo wake, ndipo wapange maisha yao. Kwa sasa ana mtoto mgonjwa wa kumwahi. Kesho atakuja. Katika mfano wa Luka, haraka ni haki ya aliyekosewa. Gikonyo amekosewa na amekosa, naye anajaribu kuitumia haki hiyo kufunika fungu lake la pili.

Anachobaki nacho ni kigoda anachokusudia kumchongea Mumbi kama zawadi ya harusi. Fikira zake zinabadilisha umbo la mwanamke atakayekuwa chini ya kigoda hicho: sasa atakuwa mja mzito. Mti bado haujaguswa.