Maskini 26.4 kwa Mia: Twaisomaje Hesabu Hii?

Taarifa ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, Tanzania Bara, ya 2017/18 ni kazi kubwa, wala hatupendi kuidharau. Yasema kwamba katika kila watu mia, 26.4 walikosa mahitaji ya lazima. Mwaka 2011/12 walikuwa 28.2. Wengi walifurahi: umaskini umepungua kwa 1.8. Sisi twauliza, umepungua kweli, au ni kaya zilizoulizwa tu zilizotofautiana?

Kwa maana hawakuulizwa watu wote. Ziliulizwa kaya 9,463, nazo zilisimama mahali pa mamilioni. Kama zingalichaguliwa nyingine, jibu lingalikuwa jingine kidogo, na kiasi cha huo udogo ndicho tukitafutacho. Tukihesabu kana kwamba kila kaya iliokotwa peke yake, twapata nafasi ya kosa ya kama 0.9 juu na 0.9 chini. Walakini hazikuokotwa hivyo. Yalichaguliwa kwanza maeneo 796, kisha kaya 12 katika kila eneo. Na nani asiyejua ya kuwa majirani hufanana? Mvua ikikosa, imewakosa wote. Bei ya pamba ikianguka, imewaangukia wote. Basi kaya 12 za kijiji kimoja hutupa habari pungufu ya kaya 12 zilizotawanyika, na nafasi ya kosa hupanuka. Mtawanyo ukizidi mara mbili tu, nasi tukikumbuka kwamba hesabu ya 2011/12 nayo ina kosa lake, upungufu ule wa 1.8 wasimama kizingitini.

Kipimo cha Gini, kipimacho tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho, kina taabu zaidi, kwa kuwa matajiri wachache waweza kukivuta chote. Njia moja njema ni kuondoa eneo zima, kuhesabu upya, kulirudisha, kuondoa jingine, hata yaishe yote, na kutazama majibu yanavyopishana. Aondoaye kaya moja moja badala ya eneo hupata kosa dogo la kupendeza, lakini si la kweli.

Magazeti nayo hupenda kupanga mikoa kwa umaskini. Mikoa 26 ikigawana maeneo 796, kila mmoja hupata kwa wastani kama 30. Mkoa ukitajwa kuwa umepitwa na jirani yake kwa 2 au 3 kwa mia, na fedha zikagawanywa kwa tofauti hiyo, twasema wazi kwamba zimegawanywa kwa bahati.