Waya Mbili Zisilegee: Jinsi Nobler Ilivyorushwa

Ndege ya mfano ya kurushwa kwa waya haikuwa na redio, wala kifaa cha kupunguza kasi ya injini. Rubani alisimama katikati ya uwanja, mkononi ameshika mpini wenye waya mbili nyembamba za chuma, kila moja mita 18 hivi, na ndege ikamzunguka mpaka mafuta yaishe. Akiinua kifundo cha mkono, pua inapanda, akikishusha, inashuka. Basi. Kwa hayo tu, vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 walichora angani miraba, pembetatu na namba nane. Niliupenda mchezo huu tangu nilipojenga ndege yangu ya kwanza, na kila nikiirudia michoro ya zamani naona nia ileile: waya zisilegee.

Ndani ya bawa, karibu na kiwiliwili, mlikuwa na kibao kidogo chenye pembe tatu kilichozunguka kwenye bolti. Waya zilipita katika ncha ya bawa la kushoto na kufungwa kwenye pembe mbili. Pembe ya tatu ilisukuma ufito hadi kwenye kibapa cha mkia. Oba St. Clair wa Oregon alirusha ndege yenye kibao cha aina hiyo katika miaka ya 1930. Jim Walker wa Portland ndiye aliyepata hataza mwaka 1942 na kuusambaza mchezo kwa ndege yake Fireball, lakini mwaka 1955 mahakama iliitengua hataza hiyo kwa sababu St. Clair alikuwa ametangulia.

Kibao hicho hakina kazi waya zikilegea. Chukua Nobler, ndege aliyoibuni George Aldrich wa Texas mwanzoni mwa miaka ya 1950: mabawa sm 130, uzito kama kilo 1.2, injini ya Fox 35 yenye ujazo wa sm³ 5.8. Ikimaliza mzunguko kwa sekunde 5.2, inakwenda karibu mita 22 kwa sekunde, na inavuta mkono kwa nguvu ya kilo 3.2 hivi, kama jiwe kwenye kombeo. Ipitishe sasa juu kabisa ya kichwa. Uzito wake wote unaelekea chini, kwa rubani, na mvuto unabaki kilo 2. Kwa kuwa imepoteza kasi katika kupanda, hata hizo 2 hazitimii. Hapo ndipo ndege nyingi nzuri zilipopotea.

Ndiyo maana mjenzi makini aliivuruga ndege yake kwa makusudi. Bawa la kushoto, lililo upande wa rubani, lilizidi la kulia kwa sentimita mbili tatu, maana hupita kwenye duara dogo zaidi, hukata hewa polepole na juu ya hayo hubeba uzito wa waya. Katika ncha ya bawa la kulia kilifichwa kipande cha risasi cha gramu 30 hivi. Usukani wa wima ulipindwa kidogo kuelekea nje, na waya zilitokea nyuma kidogo ya kitovu cha uzito ili pua itazame nje ya duara. Ukiiweka ndege hiyo mezani utadhani fundi alikosea vipimo. Angani inatulia kabisa.

Aldrich aliongeza bawa nene lenye ukingo wa mbele wa mviringo, na vibapa vya bawa vilivyofungamana na kibapa cha mkia: hicho kikipanda, vya bawa vinashuka. Hakuwa wa kwanza kuvitumia, ila yeye alivipatanisha na uzito mdogo wa balsa iliyofunikwa kwa karatasi laini au hariri na kupakwa vanishi ya dopu, hata kona ya mraba ikakatwa bila ndege kuzama. Kampuni ya Top Flite ya Chicago iliiuza Nobler ikiwa vipande ndani ya boksi, na wengi walijifunzia ndege hiyo.

Rubani naye alikuwa na kazi. Michezo yote ilifanyiwa upande ule upepo unakoelekea, mgongo ukiupa upepo, ili hewa isukume ndege nje. Waya zikilegea, alirudi nyuma mbio. Na mizunguko mitatu ya kubinuka kwa ndani ilizisokota waya, kisha mitatu ya nje ikazisokotoa.

Lakini kilichonivutia zaidi ni injini yenyewe. Fox 35 ilitiwa methanoli, nitromethani kidogo na mafuta ya nyonyo, ambayo harufu yake iliganda kwenye nguo. Sindano ya mafuta ilifunguliwa kupita kiasi kidogo, hivyo ndege ikienda sambamba na ardhi, injini ililipua mafuta kila baada ya mizunguko miwili, kwa mlio mzito wa chini. Pua ikipanda na mzigo ukaongezeka, mlio ulibadilika ghafla ukawa mkali: sasa inalipua kila mzunguko na nguvu imeongezeka, pale pale inapohitajika. Ikisawazika tena, inatulia. Hakuna aliyeigusa.

Leo ndege nyingi za mashindano hutumia mota za umeme, na mafundi wameziandikia programu inayohisi pua ikipanda ili iongeze nguvu, kazi ambayo Fox 35 iliifanya kwa sindano iliyofunguliwa vizuri.